Minyororo Saba Kutoka Chemchemi

Jumatatu, 29 Septemba 1969. Nyanga, Bukoba.

Bwana Mutalemwa, mkuu wetu wa upimaji, amenirudishia barua niliyoandika Ijumaa ikiwa imejaa wino mwekundu. Anasema nikiandika Kiswahili nafikiri kwa Kiingereza na kupumua kwa Kihaya. Serikali imeagiza kazi zote za ofisi zifanywe kwa Kiswahili, na mimi ndiye karani wa tafsiri, kwa hiyo amenipa daftari hili na amri: kila siku niandike kidogo, hata mstari mmoja, mpaka mvua za vuli ziishe. Nimemuuliza kama atalisoma. Amesema ana mambo yake. Basi nitaandika nipendavyo.

Jina langu Ildefons Mwijage, miaka thelathini na mmoja, sijaoa, nimepanga chumba kwa mama mmoja hapa Nyanga. Mvua bado.

Jumanne, 30 Septemba.

Leo hakuna kitu.

Ijumaa, 3 Oktoba.

Ratiba imetoka. Sheria imeshafuta nyarubanja. Kwa atakayesoma daftari hili bila kujua: nyarubanja ni mashamba ambayo mtu mmoja aliitwa mwenyewe, na familia zilizolima humo zikampa sehemu ya mavuno na kumpigia magoti. Sasa waliolima ndio wenyewe. Kazi yetu ni kupima kila kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa la familia moja, kinaishia wapi, tuweke mambo, vile vigingi vya mti, kisha mawe ya kudumu.

Wiki ijayo ni zamu ya Nyakatera, upande wa Muleba. Nyakatera ni kwetu, na aliyekuwa mwenye nyarubanja hapo ni marehemu baba yangu, Karugendo. Nilimwambia Bwana Mutalemwa kwamba labda apelekwe karani mwingine. Akasema karani hapimi, karani anaandika namba, na namba hazina ukoo.

Jumatano, 8 Oktoba. Nyakatera.

Tumepima. Nitaeleza kwa utaratibu, maana nimeambiwa huwa naanza hadithi katikati.

Mpaka wetu na kibanja cha Bishanga umeandikwa katika karatasi ya baraza ya mwaka 1937. Unaanzia jiwe la chemchemi bondeni, unapanda kuelekea mwamba wa juu, minyororo saba ya kupimia, kila mnyororo futi sitini na sita. Kutoka bondeni hadi mwisho wa minyororo hiyo ni kwa Bishanga. Kutoka hapo kwenda juu ni kwetu, anakoishi kaka yangu Datius. Bishanga mwenyewe alikufa mwaka 1955 akazikwa kibanjani mwake, na aliyebaki ni mjane wake, Ma Georgina, mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, asiye na maneno mengi.

Bwana Mutalemwa alitushusha na Landrova akaenda kijiji cha pili. Tulibaki mimi na Hamidi Burhani, mshika mnyororo wetu, mtu wa mjini Bukoba ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye zamani alifunga kamba za meli bandarini. Mshika mnyororo wa pili alikuwa na homa. Datius akajitolea kushika upande wa mbele, na Ma Georgina akasema hana neno, Datius ni mtoto wa hapo hapo.

Kabla hatujaanza Ma Georgina alituomba jambo moja. Migomba yake ina mikungu, na mingine imebakiza wiki mbili au tatu, kwa hiyo tusiikate wala tusiisukume. Hilo si ombi la kushangaza. Huku kwetu hata mwizi hupita kando ya mgomba wenye mkungu. Basi Datius alipofika kwenye shina alizunguka, akaendelea, akafika kwenye lingine akazunguka tena, na mnyororo ukamfuata. Hamidi alinung'unika mara moja. Alisema, "Bwana Karani, mnyororo huu unatembea, haunyooki." Nikamwambia aache, tuko kwa watu.

Minyororo saba iliishia hatua moja tu juu ya mstari wa milamula, ile mimea inayopandwa mipakani. Datius alifurahi. Alisema hata serikali imekubaliana na milamula. Kaburi la Bishanga likabaki juu ya mambo yetu, upande wa Datius, pamoja na mibuni ishirini na kitu ambayo Ma Georgina anasema aliipanda yeye. Alilitazama kaburi kwa muda, kisha akamuuliza Datius kama ataruhusiwa kuendelea kulipalilia. Datius akasema kwa nini asiruhusiwe, yeye si mtu mbaya. Nilijisikia vizuri kuwa na kaka mwungwana.

Ma Georgina alituletea mramba, maji ya ndizi, kwenye kibuyu akatushukuru kwa kuheshimu migomba yake. Niliandika namba, nikatia sahihi.

Jumatano, 15 Oktoba. Nyanga.

Mvua imeanza. Chumba kinavuja penye kitanda.

Alhamisi, 16 Oktoba.

Nimesogeza kitanda. Sasa kinavuja penye meza.

Jumatatu, 20 Oktoba.

Baraza la Nyakatera litakuwa Jumamosi tarehe 29 Novemba. Hapo kila mpaka utasomwa mbele ya watu na jiwe kuwekwa, na baada ya jiwe hakuna maneno tena. Mkuu anataka karatasi za zamani zisomwe kwa Kiswahili, zote, neno kwa neno, si namba peke yake. Nimepewa kumi na mbili. Ya kwetu nimeiweka chini ya nyingine.

Alhamisi, 23 Oktoba.

Nimeifikia. Ni mistari minne. Mitatu imetafsirika kabla chai haijapoa. Wa nne unasema minyororo saba katika mstari ulionyooka, mnyororo ukiwa umeshikwa *taut*. Neno fupi la Kiingereza lenye herufi nne, na limenikalia tangu asubuhi.

Nimejaribu *imara*, ambalo Bwana Mutalemwa analipenda, lakini jiwe ni imara bila kushikwa na mtu. Nimejaribu *-liokazwa*. Ni zuri, ila linanipeleka kwenye skrubu na mkanda wa suruali. *Kubana* ni la viatu. Hamidi alipita akaona nimeshika kichwa, akaniuliza. Nilipomwonyesha kwa mikono, akasema kwao kuna *kuwamba*, unawamba ngoma, unawamba kitanda kwa kamba, na ukigonga kinatoa sauti. Limekaribia sana, lakini ngozi huwambwa juu ya kitu, na mnyororo haujawekwa juu ya kitu chochote. Uko hewani, kati ya mtu na mtu.

Jumamosi, 25 Oktoba.

Nimekwenda kwa masista kuomba kuona kamusi kubwa, ile ya kubebwa kwa mikono miwili. Sista Immakulata, anayetunza vitabu, hakuniachia niishike. Alifungua mwenyewe akanisomea huku akitafsiri, na Kiswahili chake ni bora kuliko changu mara tatu.

Maana ya kwanza ni ya kamba au tanga lililovutwa mpaka halina ulegevu. Baadaye mabaharia wakalisema juu ya meli nzima iliyotunzwa vizuri, kila kitu mahali pake na kila mtu kazini. Baadaye tena likahamia kwa watu: uso, shingo, mishipa ya mtu anayesubiri habari mbaya. Siku hizi hata maandishi yanaitwa hivyo, yakiwa hayana maneno ya ziada. Alinitazama juu ya miwani aliposoma hilo la mwisho. Sijui nani alimwambia kuhusu barua zangu.

Kisha asili. Kitabu kinasema huenda limetokana na neno la kale sana la Kiingereza la kuvuta, kuburuta. Huenda vilevile liligusana njiani na neno lao jingine la kubana, likabadilika sura. Nimependa hiyo *huenda*. Kitabu kikubwa namna hiyo, na kinakiri kwamba hakina uhakika.

Sista aliniuliza neno lenyewe nalitakia nini. Nilipomweleza alisema, "Basi usitafute sifa ya mnyororo. Tafuta walichofanya watu. Haukuwa hivyo wenyewe, ulivutwa." Nilitembea hadi Nyanga kwenye matope nikiwa na furaha kama mtu aliyepata barua. Nimeandika: *mnyororo ukiwa umevutwa kwa pande zote mbili hadi usiwe na pindo lolote.*

Jumatatu, 27 Oktoba.

Furaha imekwisha.

Asubuhi nilimsomea Hamidi sentensi yangu, nikitaka sifa. Hakunisifu. Aliuliza, "Na sisi tulivuta?" Halafu akachukua uzi wa kufungia mafaili, akapima ukuta wa ofisi kwa urefu, akafunga fundo. Akapanga viti vitano, akapitisha uzi huo huo kwa kuvizunguka. Fundo halikufika ukutani. Lilibaki nyuma karibu hatua nzima. Akarudisha viti akaenda kunywa chai yake.

Hesabu nimeifanya mwenyewe, nimeirudia. Kila mnyororo tulioupitisha kando ya migomba ulipoteza kama futi nne. Mara saba ni futi ishirini na nane. Karatasi ya 1937 inasema umevutwa. Sisi hatukuvuta. Kibanja cha Ma Georgina kimepungua hatua kumi na moja, na aliyeandika namba ni mimi.

Jumanne, 28 Oktoba.

Mvua. Hamidi hajaniuliza kitu.

Ijumaa, 31 Oktoba.

Nimetafsiri karatasi nyingine tano. Nafanya kazi haraka sana siku hizi.

Jumapili, 2 Novemba. Nyakatera.

Siku ya Marehemu Wote. Nilikuja na basi jana jioni. Baada ya misa mimi na Datius tulipalilia kaburi la baba, tukaweka maua. Datius alisali vizuri kuliko mimi.

Hatua chache chini yetu Ma Georgina alikuwa amepiga magoti anapalilia kaburi la Bishanga. Tulisalimiana. Kabla ya kuanza alikuwa amemwomba Datius ruhusa, nilimsikia.

Datius alipotangulia nyumbani nilibaki. Nilishuka hadi kwenye mambo tuliyopigilia, nikageuka, nikahesabu hatua kupanda. Hatua ya tatu ilinifikisha kwenye kaburi la Bishanga. Ya nane ilinifikisha kwenye kaburi la baba yangu. Nikaendelea hadi kumi na moja, na hapo nikasimama kwenye majani matupu, nikageuka tena, na makaburi yote mawili yalikuwa chini yangu.

Nilikaa hapo kwa muda. Nakumbuka baba alivyoumwa mwaka 1961, na alivyoagiza azikwe pale chini, mbali na nyumba, mbali na baba yake mwenyewe aliyezikwa juu karibu na mwamba. Watu walisema anapenda kuona bonde. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini kila Mhaya anajua kaburi ni nini kibanjani: ni ushahidi wa mwenye shamba. Hakuna mahakama iliyowahi kusogeza mpaka mbele ya kaburi la mwenye shamba. Nikaitazama milamula, jinsi mashina yake yalivyo membamba. Kama ingepandwa mwaka 1937 ingekuwa minene kama paja langu. Hii ilipandwa baada ya Bishanga kufa, mke wake alipobaki peke yake.

Baba alinilipia ada mpaka darasa la kumi na mbili. Alinibeba mgongoni hadi zahanati nilipovunjika mguu. Nimeyaandika haya kwa sababu ni kweli pia, na kwa sababu nimeona aibu leo, aibu ya kutotaka kuonana na mtu yeyote njiani.

Jumatano, 5 Novemba. Nyanga.

Nimemwambia Bwana Mutalemwa kuhusu mnyororo. Kuhusu kaburi sikumwambia. Alikasirika, kwanza kwa Hamidi, kisha kwangu, kisha kwa migomba. Orodha yote inatakiwa iwe mkoani kabla ya sikukuu ya Jamhuri. Mwishowe alisema upimaji unaweza kurudiwa kwa sharti moja. Mwenye kibanja aombe mwenyewe kwa maandishi, na asafishe mstari mwenyewe, maana ofisi haina mamlaka ya kukata mgomba wenye mkungu wa mtu. Asipoomba, namba za tarehe nane zinasimama.

Kwa hiyo ni mpaka mtu amwambie. Hakuna mwingine wa kumwambia ila mimi.

Ijumaa, 7 Novemba.

Nilitaka kwenda kesho. Basi limekwama.

Jumapili, 9 Novemba.

Basi halikuwa limekwama. Nilisikia tu kwamba njia ni mbaya.

Datius amekuja leo hadi hapa chumbani, amelowa. Hamidi ana shemeji Muleba, na habari imefika. Nilimpa shuka ajifute. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

Alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Sikuvuta, ndiyo. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba tuzunguke. Mimi nilizunguka, Hamidi akafuata, wewe ukaandika. Sasa unataka baba alale kwenye shamba la mtu aliyekuwa akimletea kuni?" Nikasema sitaki. Akasema basi nyamaza, ni wiki tatu tu, kunyamaza wiki tatu si kazi ngumu kwa mtu anayelipwa kuandika. Nikamuuliza kama alijua kuhusu milamula. Alichukua muda mrefu kufunga viatu. Akasema alikuwa na miaka ishirini na miwili na baba alimwambia ashike jembe, akashika.

Alipoondoka niligundua ameshinda na njaa tangu Muleba na mimi sikumpa hata chai.

Jumanne, 11 Novemba.

Senene wameanguka. Mji mzima uko nje unakimbizana nao. Mama mwenye nyumba amenikaangia sahani nzima. Nimekula wote.

Alhamisi, 13 Novemba.

Mvua.

Ijumaa, 14 Novemba.

Mvua. Namuona Hamidi kila asubuhi, ananisalimu kwa adabu sana.

Jumanne, 18 Novemba.

Bwana Mutalemwa amepitia tafsiri zangu zote kumi na mbili. Wino mwekundu kidogo tu. Kwenye ile ya kwetu amekata *kwa pande zote mbili*, akasema ni maneno ya ziada, mnyororo hauwezi kuvutwa na upande mmoja. Amesema Kiswahili changu kimenyooka. Wiki nne zilizopita ningeenda kununua soda.

Jumamosi, 22 Novemba. Nyakatera.

Nimemwambia.

Nilimkuta Ma Georgina anatandaza nyasi chini ya migomba. Nilianza na salamu, nikauliza mvua, nikauliza kahawa, nikauliza afya yake. Akaweka nyasi chini, akasema kama nimetumwa kuchukua kitu niseme tu. Nikamweleza yote, karatasi, mnyororo, viti vya Hamidi, futi ishirini na nane. Nilimwambia namba ni zangu na niliziandika nikiwa naona. Nilimweleza pia kwamba mstari ukivutwa utalipita kaburi la baba yangu, nalo litakuwa upande wake.

Hakushangaa kuhusu kaburi. Alisema mwaka 1937 alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Watu wa baraza walikata migomba tisa ya baba mkwe wake ili wapitishe mnyororo, na yule mzee alilia. Ndiyo maana alituomba tusikate. Hakujua kwamba kuzunguka kunapunguza. Alidhani kipimo ni kipimo, kama kibaba. Alisema, "Kumbe nilijipunja mwenyewe, tena nikawapa mramba." Akacheka, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Nikamuuliza kama alijua milamula ilisogezwa. Alijua. Aliiona ikipandwa asubuhi kweupe, na Datius na jembe lake. Angemwambia nani? Mwenye baraza alikuwa ni mgeni wa baba yangu kila Jumapili.

Niliandika ombi kwa ajili yake kwa Kiswahili, nikamsomea. Aliweka dole gumba. Nikamkumbusha kwamba mstari utachukua migomba mingi, na ni chakula chake cha hadi Januari. Akasema ataangalia.

Sikwenda kulala kwa Datius. Nimelala shuleni kwenye benchi.

Alhamisi, 27 Novemba. Nyakatera.

Bwana Mutalemwa alikuja mwenyewe safari hii, na mshika mnyororo wa pili amepona. Datius alisimama juu karibu na mwamba, mikono nyuma.

Hamidi alisimamisha fito za mstari. Kisha tukangoja. Ma Georgina alitoka na mundu. Majirani wawili walitaka kumsaidia, akakataa. Alianza bondeni. Aliuangusha wa kwanza, wenye mkungu wa mkono mmoja na nusu, akaulaza vizuri pembeni, akaenda wa pili. Alikata kumi na minne. Ilichukua zaidi ya saa moja. Wa mwisho ulikuwa bado na ua. Hapo alisimama kidogo, akaukata nao.

Njia ikawa wazi kutoka chemchemi hadi juu. Nilikuwa sijawahi kuona kibanja hicho kwa namna hiyo, unaona upande hadi upande. Hamidi alikaza miguu chini, mwenzake akavuta mbele, na mnyororo ukanyanyuka kutoka kwenye nyasi ukasimama hewani, ukitetemeka. Hamidi akanitazama. Niliandika moja. Tukaendelea hivyo mara saba.

Mambo ya mwisho ilipigiliwa hatua tatu juu ya kaburi la baba yangu. Datius aligeuka akaingia ndani. Nimeandika namba, nimetia sahihi.

Ma Georgina amegawa mikungu kijiji kizima kwa kuwa haiwezi kukaa. Na mimi alinipa mmoja. Sijui niupeleke wapi.

Jumamosi, 29 Novemba. Nyakatera.

Baraza. Watu wengi, mvua imetuhurumia. Nilisoma karatasi ya 1937 kwa sauti. Nilipofika kwenye mnyororo uliovutwa hadi usiwe na pindo, wazee watatu walitikisa vichwa kukubali, na Bwana Mutalemwa akasoma namba mpya.

Datius alisimama. Alikuwa amevaa koti la baba. Alisema hapingi serikali wala hapingi namba. Anaomba jambo moja kabla jiwe halijawekwa: aruhusiwe kufukua mifupa ya mzazi wake aipandishe juu, kwenye ardhi yake. Sauti ilimkatika kwenye neno mifupa, na mimi nilimpenda kaka yangu wakati huo kuliko siku nyingi.

Mwenyekiti akamgeukia Ma Georgina, maana ardhi sasa ni yake. Yeye hakusimama. Alisema, "Msimfukue. Alikuja mwenyewe. Mwacheni akae."

Wengine walicheka. Jiwe likawekwa.

Baadaye nilimfuata. Niliuliza kama naweza kuja mara moja moja kumpalilia baba. Ma Georgina alinitazama sana, nikadhani atakataa. Akasema nije siku yoyote, lakini nisipite kwa juu kama zamani. Nipite kwenye njia yake, nipige hodi.

Jumapili, 30 Novemba. Nyakatera.

Baada ya misa nimekwenda na jembe. Nimepita chini, kwenye chemchemi, nikapanda katikati ya visiki vya migomba hadi uani kwake. Nimepiga hodi mara tatu. Nilisikia yuko ndani, anasogeza sufuria. Nikasubiri.